Adui wa Kisimani

Wahakiki wa gemu walikuwa wameruhusiwa kutoa maoni yao kuanzia saa nne asubuhi, na ilipokaribia saa nne hakuna mtu ofisini aliyekuwa akifanya kazi, ingawa kila mmoja alijitia kufanya. Mchoraji alikuwa anapaka rangi jiwe ambalo alishalimaliza juzi. Mhasibu alikuwa anapanga kalamu. Fundi wa sauti, ambaye wote walimwita Masikio, alikuwa amevaa hedifoni zake kama kawaida, lakini waya wake ulikuwa unaning'inia tu, haujachomekwa popote.

Kocha aliuona waya huo akajimiminia chai nyingine. Yeye mwenyewe alikuwa amekunywa chai tangu asubuhi mpaka birika likakaribia kuisha.

Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja kirefu juu ya duka la mapazia. Meza zilibanana, simu ya mmoja ikawa simu ya wote, ndiyo maana kila mtu alifanya kazi na hedifoni masikioni. Ukitaka kusema na mwenzako, ulimgusa bega au ulimrushia kifuniko cha kalamu. Humo ndimo walimotengeneza gemu lao la kwanza, *Ngome Saba*, habari za mwanamke mwenye mkuki anayezipita ngome zilizohamwa na kupambana na walinzi waliosahauliwa ndani yake. Lilikuwa gemu gumu. Watu walilinunua, wakalilaani, wakawaambia rafiki zao nao walinunue.

Mapigano yote ya gemu hilo yalitoka kichwani mwa Kocha. Kabla ya kazi hii alikuwa akifundisha wanawake ndondi kwenye ukumbi wa mazoezi, na jina la ukocha likamganda mpaka hata barua za benki aliziona ngeni kwa kumtaja vingine. Ndondi ilimpa kanuni moja aliyoishika kama dini: anayepigwa ajue kwa nini kapigwa. Mchezaji akifa, ajilaumu mwenyewe, aseme "nimeharakisha" au "nimezubaa", halafu arudi tena. Siku atakapomlaumu aliyetengeneza gemu, kazi imeharibika.

Sasa walikuwa wametengeneza nyongeza ya gemu hilo, inaitwa *Kisima*. Yule mwanamke wa mkuki anashuka kisimani, na kadiri anavyoshuka mwanga unapungua, hadi chini kabisa hakuna mwanga tena. Hapo ndipo anapongoja adui wa mwisho. Humwoni. Unamsikia tu anavuta pumzi, kisha anapiga. Ukikwepa papo hapo unapoisikia pumzi, umepona. Ukichelewa kidogo, umekwisha. Kocha alilipata wazo hilo ukumbini, kwenye zoezi la kufungana kitambaa machoni: wanafunzi wake wazuri walikuwa wanakwepa ngumi wasiyoiona kwa sababu mpigaji huvuta pumzi kabla ya kurusha mkono.

Pale ofisini adui huyo alibatizwa Mama Mkwe, kwa maelezo kwamba hata ufanye nini, humridhishi. Kocha alilicheka jina hilo kuliko wote, akiomba tu lisije likavuka mlango wa ofisi.

Saa nne ikafika. Bosi, mtu mrefu mpole ambaye hakuwahi kusikika akipaza sauti, alisimama katikati ya chumba na simu mkononi akaanza kusoma. Mhakiki wa kwanza aliusifu uchoraji. Wa pili aliusifu muziki, akasema ngazi za kushukia kisimani zilimfanya awashe taa za nyumbani kwake. Watu wakaanza kutabasamu. Kisha Bosi akapunguza mwendo wa kusoma, kama dereva aliyeona shimo mbele.

"'Lakini adui wa mwisho,'" alisoma, "'ni ukatili mtupu.'"

Akasoma mwingine. Naye alimkuta adui yuleyule akamwita uonevu. Wa nne alisema alikata tamaa akaenda kulala, na hajutii. Alama walizotoa zilikuwa zinashuka kwa mpangilio, na zote zilijikwaa mahali pamoja.

"Jaji ameandika?" Kocha aliuliza.

Jaji lilikuwa jina la kalamu la mhakiki mmoja ambaye wachezaji walimsikiliza kuliko wengine. Hakuwa mtu wa kulalamikia ugumu. *Ngome Saba* ilipotoka ni yeye aliyeandika kwamba hajapata kupigwa kwa heshima namna ile. Kocha aliwahi kuyasoma maneno hayo kwa mama yake mzazi kwenye simu.

Bosi alitafuta, akapata, akasoma kimya kwanza. Halafu akampa Kocha simu asome mwenyewe.

Jaji aliandika kwa kirefu, na kwa huzuni. Alieleza kwamba alijaribu mchana, akajaribu siku iliyofuata, akajaribu baada ya kupumzika. Mwisho akaandika: "Napenda kushindwa, wasomaji wangu mnajua. Hapa sikushindwa. Hapa nimedhulumiwa."

Kocha alirudisha simu. Alihisi kama amepigwa ngumi ya mbavu, ile ambayo haiumizi papo hapo, inangoja kwanza upige hatua mbili.

"Wavivu tu hao," Masikio alisema. Ile pumzi aliirekodi mwenyewe, kwa kifua chake, akirudia na kurudia hadi mkewe akataka kumpeleka hospitali kwa kudhani ana pumu. "Wamezoea kulishwa kwa kijiko. Sikio linasikia, kidole kinabonyeza. Kuna ugumu gani hapo?"

"Jaji si mvivu," alisema Kocha.

Bosi alimwita kando, kwenye kona ya birika la chai, mahali pekee palipofanana na faragha.

"Kocha, watu wa kawaida wanauziwa wiki ijayo," alisema. "Bado tuna nafasi. Tumpunguze makali. Nguvu zake ziwe nusu, na mchezaji avumilie mapigo mengi zaidi kabla ya kufa."

"Ukimpunguzia nguvu utakuwa umebakiza giza na mtu anayehema. Haitakuwa pambano, itakuwa wodi."

Bosi hakucheka. "Nina watu kumi na wawili humu ndani. Nyongeza hii ikianguka, sitaweza kuwabakiza wote. Nakuomba ufikirie. Jumatatu tukae."

Angefoka, Kocha angekataa palepale. Kwa vile aliomba, alikubali wakae Jumatatu.

Mchana ule aliangalia video walizoweka wahakiki, akitaka kuona kwa macho yake jinsi wanavyokufa. Alichokiona kilimchanganya zaidi. Pumzi ilisikika vizuri, safi, mahali pake. Wachezaji walikwepa, tena kwa upande sahihi, ila wote walikwepa wakiwa wamechelewa, kama mtu anayecheka kichekesho baada ya wenzake kumaliza kucheka. Mmoja angechelewa, sawa. Lakini wote, na kwa kiasi kilekile? Akachukua kidhibiti chake cha vitufe, akavaa hedifoni, akacheza pambano lile mwenyewe. Alimshinda yule adui mara ya kwanza. Akamshinda tena. Hiyo haikumfariji hata kidogo. Alianza kuwaza kwamba labda amemjua mno adui wake, kama mwalimu aliyetunga mtihani na kushangaa kwa nini darasa zima limefeli.

Siku zile hakulala vizuri. Mumewe, ambaye ni muuguzi na anajua kumtazama mtu bila kumuuliza, alimwekea chakula mbele na kukiondoa hakijaguswa. Jumapili asubuhi akamwambia, "Mama ametuita kwa chakula cha mchana. Nimeshakubali."

"Leo? Na hali hii?"

"Hali hii ndiyo inayohitaji kwenda kula kwa watu. Tena anataka kuliona hilo gemu lako. Beba ule mtambo wako wa kuchezea."

"Hujamwambia jina la yule adui, lakini."

Mumewe alifunga kamba za viatu kwa makini yasiyo ya kawaida.

"Wewe," Kocha alisema. "Umemwambia."

"Liliniponyoka."

Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, aliyewapokea duniani nusu ya watu wa mtaa wake na hakuona sababu ya kuwaogopa walipokua. Aliwafungulia mlango, akamkumbatia mwanawe, kisha akamshika mkwewe mabega yote mawili.

"Karibu, mwanangu. Nasikia nina mwenzangu kazini kwako."

"Mama, ni utani wa ofisini tu…"

"Anaua watu, nasikia."

"Anaua, mama."

"Basi tule kwanza, halafu nimwone. Mtu huwezi kuitwa jina la mwenzako usimjue."

Baada ya chakula wakahamia sebuleni. Sebule ilikuwa ndogo, na ukuta mzima ulikuwa wa televisheni, zawadi ya watoto wake wote siku alipostaafu. Chini yake kulikuwa na spika ndefu nyeusi isiyo na waya, zawadi ya mume wa Kocha peke yake, ambayo mwana huyo aliitaja kila alipopata nafasi. Kocha aliunganisha mtambo wa gemu kwenye televisheni. Mama mkwe akaketi kwenye kochi, miguu juu ya kigoda, kama mtu aliyekuja kuangalia mpira.

"Anza," alisema. "Nipo upande wako, ila kwa leo tu."

Kocha alikwenda moja kwa moja kwenye pambano la mwisho. Skrini ikawa nyeusi. Spika ikavuta pumzi, nzito, ya karibu, ikajaza sebule. Kocha akakwepa. Akapigwa, akafa.

"Pole," alisema mama mkwe.

"Sikuwa tayari."

Akarudia. Pumzi, kukwepa, kipigo. Akarudia tena. Safari hii aliinama mbele, macho kayafumba kama alivyozoea, kidole gumba juu ya kitufe. Pumzi, kukwepa, kipigo. Mumewe alianza kutazama dari. Kocha alisogea hadi ukingoni mwa kiti. Huyu alikuwa adui wake mwenyewe. Kila hatua yake ni yeye aliyempa, ni yeye aliyemfundisha kusimama. Akapigwa tena, na tena.

"Mwenzangu ana mkono," mama mkwe alisema kwa sauti ya heshima.

Kocha alianza pambano upya. Maneno ya Jaji yalimrudia, ila sasa hayakuwa maneno ya mtu mwingine. Aliyahisi kwenye kidole chake. Alikuwa amesikia kwa wakati. Alikuwa amebonyeza kwa wakati. Na bado alikuwa amekufa, na kila alipotafuta kosa lake hakuliona. Alikuwa amedhulumiwa, sebuleni kwa mama mkwe wake, na mtu aliyemdhulumu ni yeye.

"Pengine umechoka," mumewe alisema taratibu.

"Ofisini namshinda nikiwa nimechoka zaidi ya hivi. Ofisini namshinda nikiwa…"

Akakiweka kidhibiti magotini. Aliitazama spika. Akaufungua mkoba wake, akatoa hedifoni za kazini, akazichomeka kwenye kidhibiti. Sebule ikawa kimya kwa wengine. Akafumba macho. Pumzi ilipokuja masikioni akakwepa, na adui akapiga maji matupu. Akakwepa tena. Akarusha mkuki. Mama mkwe, ambaye hakusikia chochote, aliona tu kwenye skrini mstari wa damu unaoonyesha uhai wa adui ukipungua, ukapungua, ukaisha.

"Ala. Kumbe unamweza."

Kocha alichomoa hedifoni, akaanza upya kwa spika. Akafa.

Akachomeka. Akashinda.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya ajabu hata mumewe akageuka, "hii spika, ukiangalia habari, hujaona kitu?"

"Kitu gani? Spika nzuri. Ila msomaji wa habari anafunga mdomo, ndiyo maneno yanamalizikia. Mwanzoni ilinisumbua. Sasa nimezoea, nikajua ndivyo za kisasa zilivyo."

"Mama, hukuniambia," mumewe alisema, ameumia.

"Zawadi haikaguliwi meno, mwanangu."

Kocha alikuwa ameshuka kutoka kwenye kiti hadi sakafuni, mgongo umeegemea kochi, na alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha ikawa si rahisi kujua kama ni kicheko au ni machozi yenyewe. Siku zote zile alikuwa amebeba mawazo kwamba jicho lake limekufa, kwamba hajui tena lipi ni gumu na lipi ni uonevu. Kumbe sauti ilikuwa inachelewa njiani. Ikitoka kwenye mtambo kwenda kwenye spika isiyo na waya, ilipoteza muda mdogo tu, chini ya kufumba na kufumbua, na muda huo ndio pekee ambao Kocha alimpa mchezaji wa kukwepa. Kwenye ngome za zamani, penye mwanga, hakuna aliyegundua, kwa kuwa watu walikwepa kwa macho. Gizani walibaki na sikio peke yake. Ofisini kila mtu alikuwa na hedifoni za waya. Na zile video zilikuwa zimeinasa sauti ndani ya mtambo kabla haijasafiri, ndiyo maana ilionekana kama ni wachezaji waliochelewa.

Mama mkwe aliweka mkono wake mkubwa juu ya kichwa cha Kocha, kama alivyozoea kufanya kwa wanawake waliomaliza kujifungua.

"Imetoka?" aliuliza.

"Imetoka, mama."

"Basi pumua."

Alipotulia akampigia Masikio. Masikio alisikiliza, akabisha, akasema subiri. Kocha alimsikia akihamisha vitu nyumbani kwake, akimwomba mkewe rimoti, akichomeka na kuchomoa. Kwa mbali pumzi ya adui ikasikika.

"Kocha," hatimaye alisema kwa sauti ndogo. "Nimekufa."

"Karibu chamani."

"Niliwaita wavivu."

"Wala hawakukusikia. Kesho uje mapema."

Jumatatu asubuhi walishusha televisheni ya ukutani, wakaiweka juu ya meza ya mchoraji, wakaunganisha spika ya aina ileile. Mmoja mmoja, watu wa ofisi ile walijaribu pambano walilokuwa wakilishinda kila siku. Mmoja mmoja wakafa. Mhasibu alikufa haraka kuliko wote, ingawa alidai yeye angekufa hata kwa hedifoni. Bosi alikuwa wa mwisho. Alipokufa, alikiweka chini kidhibiti kwa upole kama anaweka yai.

"Kwa hiyo si nguvu zake," alisema.

"Nguvu zake ziache kama zilivyo," Kocha alisema. "Tatizo ni salamu yake. Anapiga hodi, lakini hodi inafika baada ya yeye kuingia."

Dawa ilibishaniwa hadi chai ikapoa. Mchoraji alitaka kuweka mng'ao kidogo kwenye maji. Kocha akakataa, giza likiguswa tu pambano limekufa. Mwingine akasema iwekwe sehemu ya kupimia spika, mtu arekebishe mwenyewe kabla ya kucheza. Hilo likakubaliwa, ila wote walijua watu hawasomi maelekezo. Aliyefungua fundo alikuwa Masikio. Tangu asubuhi alikuwa amekishika kidhibiti mikononi kama mtu anayeota moto.

"Hiki kitu kinatetemeka," alisema. "Mtetemo haupiti kwenye spika. Unafika mkononi papo hapo. Anapovuta pumzi, na kitetemeke kidogo, kifuate pumzi yenyewe, kiwe kama unamshika kifuani. Asiyesikia kwa wakati atahisi. Na asiyesikia kabisa, naye atacheza."

Kocha alimtazama. "Hilo la mwisho sikulifikiria."

"Hata mimi, hadi jana."

Walilifanyia kazi siku hiyo na iliyofuata. Masikio aliuchonga mtetemo ule kwa uangalifu uleule aliotumia kurekodi pumzi: uanze mwembamba, ukue, ukatike ghafla kabla ya pigo. Ulipokuwa tayari, Kocha akakaa mbele ya spika ya kuchelewa, akafumba macho, akahisi kiganjani kitu kama mnyama mkubwa anayeamka. Akakwepa. Maji matupu. Akapumua.

Kilichobaki kilikuwa kusema. Hapo Bosi alisita.

"Tunaweza kutoa tu marekebisho kimyakimya," alisema. "Tukitangaza kuwa tulikosea, vichwa vya habari kesho vitaandika nini?"

"Vitaandika kwamba tulikosea. Si ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo, lakini…"

"Bosi, wale watu waliambiwa ni wavivu wenye mikono mizito. Mitandaoni wanachekwa mpaka leo. Na walikuwa wanasema kweli. Tukikaa kimya, dhuluma inakuwa ya kukusudia."

Bosi alizunguka birika la chai mara moja. "Andika wewe," alisema. "Jina litakuwa langu."

Kocha aliandika maneno machache: kwamba pumzi ya adui ilichelewa kwenye baadhi ya spika, kwamba waliosema wameonewa walionewa kweli, kwamba kosa limerekebishwa na adui mwenyewe hakupunguzwa chochote. Lakini kwa Jaji hakutaka atumiwe maandishi kama wengine. Aliomba namba yake, akampigia.

Simu ilipokelewa na sauti ya chini, na nyuma yake mtoto mchanga alikuwa analia.

"Samahani, nimekupata vibaya," Kocha alisema, akajitambulisha.

"Hapana, dada. Huku siku hizi hakuna kunipata vizuri." Mlango ulisikika ukifungwa na kilio kikapungua. "Kama umenipigia kunisema, nisemwe tu. Niliandika nilichokihisi."

"Nimepiga kukuuliza. Ulicheza kwa hedifoni au kwa spika?"

"Spika. Hedifoni sivai tena. Mtoto akilia nisimsikie, mama yake atanihamisha na mtambo wangu."

"Spika ya waya?"

"Isiyo na waya. Kwa nini?"

Akamweleza. Jaji alimsikiliza hadi mwisho.

"Unajua," hatimaye alisema, "nilidhani nimezeeka. Silali, nimekuwa baba, nikasema basi, mikono imekwenda. Niliandika ule uhakiki kwa ukali, ila moyoni nilikuwa nawaaga ninyi na kazi yenyewe."

"Na mimi nilidhani nimesahau kazi yangu."

Wote wawili wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliotoka kwa daktari na majibu mazuri.

"Nikuulize kitu," Jaji alisema. "Mmempunguza makali?"

"Hata unywele."

"Nashukuru. Nitamrudia mtoto akilala."

Siku ya mauzo, marekebisho yakaingia pamoja na gemu, kwa hiyo wanunuzi wengi hawakujua hata kama kulikuwa na tatizo. Wahakiki ndio waliojua. Asubuhi hiyo hakuna aliyejifanya kufanya kazi. Walivuta viti wakazunguka meza ya Bosi, hedifoni shingoni.

Mwanamke mmoja aliyekuwa ametoa alama za chini kabisa aliandika kwamba amerudi kisimani, amekufa mchana kutwa, na jioni ameshinda, na kwamba alipiga kelele hadi jirani akagonga mlango kuuliza kama kuna msiba. Mwingine alishikilia msimamo wake. Giza linamchosha, alisema, na mtetemo hauligeuzi kuwa mwanga. Bosi aliisoma hiyo nayo kwa sauti ileile, na Kocha alitikisa kichwa kukubali, maana huyo alikuwa na haki ya kutolipenda. Msomaji mmoja, si mhakiki, aliandika mistari miwili: hasikii tangu utotoni, hii ni mara ya kwanza amecheza pambano la sauti, na amekufa kama watu wengine. Masikio aliinuka akaenda dirishani, akakaa huko akitazama mapazia ya duka la chini yakipakiwa kwenye gari.

Jaji hakufuta uhakiki wake wa kwanza. Aliuacha pale pale, akaongeza sehemu mpya chini yake. Alieleza habari za spika na za mtoto. Akasema bado hajamshinda yule adui, kwamba amemfikisha mara nyingi kwenye tone la mwisho la damu na kila mara ameharakisha. "Kosa ni langu," aliandika, "na sijui lini mara ya mwisho nimefurahi hivi kuwa na kosa." Alama zake alizipandisha. Hazikuwa juu kabisa; alisema wanaotoa kitu kikiwa na kasoro kama ile wanastahili kukumbushwa. Zilitosha.

Bosi alimaliza kusoma, akaiweka simu mezani, akajifuta uso kwa viganja vyote viwili, polepole.

"Hakuna anayeondoka," alisema. Kisha, alipoona nyuso zimebadilika, akaeleza haraka, "Kazini, namaanisha. Hakuna anayepoteza kazi. Leo ondokeni wote, nendeni nyumbani. Sitaki kumwona mtu hapa."

Walicheka kwa pamoja, kwa nguvu kuliko kichekesho chenyewe kilivyostahili. Mhasibu alimkumbatia mchoraji, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Masikio alirudi kutoka dirishani, macho mekundu, akamrushia Kocha kifuniko cha kalamu kikampata begani.

"Ulitaka kusema kitu?" Kocha aliuliza.

"Hapana. Nimezoea tu."

Kocha alitembea hadi nyumbani, kwa vile miguu ilitaka. Jua lilikuwa juu, watu wako kazini, barabara ina nafasi. Alinunua mkate njiani akaanza kuula kabla hajafika, anaukata kwa vidole ndani ya mfuko. Nyumbani mumewe alikuwa ametoka zamu, amelala upande mmoja wa kitanda na sare yake bado mwilini. Alifungua jicho moja.

"Vipi?"

"Wamempenda. Si wote. Wengi."

"Nimpigie mama?"

"Nimeshampigia. Amesema hashangai, mwenzake alikuwa anaeleweka vibaya tu."

Mumewe alicheka usingizini, akamwachia nafasi. Kocha alivua viatu, akajilaza na mfuko wa mkate kifuani. Alikusudia kufumba macho kidogo tu, halafu ainuke apike. Alipoamka ilikuwa jioni, mumewe amekwisha kupika, na njaa ilikuwa inamuuma kama ya mtu aliyepona homa.